Sarafu 73 za Ngamiani: mgawo uliokaa sawa kwa hesabu

Kopo lilikuwa la biskuti, la bati, kutu imelila pembe zote nne. Lilitoka ukutani. Watoto wa marehemu walikuwa wanabomoa chumba cha uani katika nyumba yao ya udongo hapa Ngamiani, Tanga, wiki chache baada ya arobaini ya mama yao. Fundi alipopiga sururu pembeni mwa kitanda, ukuta ukaitika kibati. Ndani mlikuwa na sarafu 73.

Asili yake kopo lilikuwa la bibi yao, mzaa mama, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na stesheni ya reli enzi za Mwingereza. Bibi alijaliwa mtoto mmoja tu, ndiye huyo marehemu, kwa hiyo hapakuwa na mjomba wala mama mdogo wa kudai chochote. Baba yao alishatangulia. Warithi ni watatu: wa kiume mmoja, wa kike wawili. Kwa mirathi ya Kiislamu mafungu ni manne, kaka mawili na kila dada moja, na hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuja kwenye swali dogo: mafungu manne ya nini?

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yao, majina nimeyaacha. Nilikuwa mwalimu wa kemia, sasa mstaafu, na mtaani kwetu mwalimu wa kemia akistaafu ndiye anayeletewa kila kitu cha kupimwa, kuanzia asali ya kuchakachuliwa hadi mkufu wa mchumba.

Mgawo wa kwanza

Kaka alimwaga kopo juu ya mkeka akahesabu. Riale 3, zile kubwa zenye sura ya mwanamke. Rupia za Mjerumani 11. Shilingi za simba 37. Sarafu ndogondogo 21, nyingi zina tundu katikati. Na moja ya ajabu ajabu, rangi ya shaba njano, imepigwa vibaya kama kazi ya mwanafunzi. Jumla 73.

Akagawa kwa nne. Yeye 36, dada mkubwa 18, dada mdogo 18, ikabaki 1, akasema hiyo iende msikitini. Kisha akapanga: "Nyinyi chukueni za simba, aina moja, msije mkagombana. Mimi nitachukua mchanganyiko uliobaki." Ukikaa ukahesabu, riale 3, rupia 11, ndogondogo 21 na ile moja ya ajabu zinafika 36 kamili. Shilingi za simba ni 37: 18, 18, na ya msikiti. Hesabu ilikaa kama imeshonwa. Sidhani kaka alikusudia dhuluma. Nadhani ile 36 ilimfurahisha tu, jinsi inavyomfurahisha mtu aliyepata jibu bila salio.

Dada mdogo anauza samaki. Hajui historia ya sarafu hata moja, lakini mkono wake umezoea kilo. Alinyanyua mifuko yao miwili kwa mkono mmoja na wa kaka kwa mkono wa pili. "Mbona mmoja wako unatuzidi wawili?" Kaka akasema uzito si hoja, sarafu huhesabiwa. Dada mkubwa akasema riale zile zilikuwa mahari ya bibi, na haiwezekani zote tatu ziende kwa mwanamume. Ndivyo walivyofika kwangu, jioni, kopo likiwa kwenye kapu chini ya khanga.

"Shikamoo mwalimu. Tumekuletea kesi."

Kuhusu kilichomo ndani

Kiswahili kina jambo moja linaloeleza kesi yote hii. Neno fedha ni jina la metali, na ni jina la pesa. Wazee wetu walioliunganisha hawakukosea, maana kwa karne nyingi sarafu nzito ilikuwa ni kipande cha metali kilichothibitishwa uzito wake na mtu mwenye muhuri. Sura ya mfalme ilikuwa ni ahadi tu ya kwamba mle ndani mna kiasi fulani. Kaka aligawa fedha kwa maana ya pesa. Lakini pesa hizo zilikufa zamani. Hakuna duka Tanga litakalokupa hata njugu kwa shilingi ya simba. Kilichobaki hai ni fedha kwa maana ya metali, nayo haiko sawa kutoka sarafu moja hadi nyingine.

Nikaazima mizani kwa sonara ninayefahamiana naye, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Nikachukua sumaku ya spika ya redio mbovu, glasi ya maji, na uzi wa kushonea. Hiyo ndiyo maabara yote.

Kipimo cha maji ni hiki, na mtu yeyote anaweza kukifanya. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini. Namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo unapata msongamano wake. Fedha tupu ni 10.5 hivi, shaba 8.9, chuma 7.9. Picha ya mfalme inaweza kuigwa na fundi hodari. Msongamano ni mgumu zaidi kuuiga.

Nilianza na riale. Hizi ni za Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, na karibu zote duniani zimeandikwa 1780, hata zile zilizopigwa karne ya ishirini huko Vienna, London, Roma na Bombay. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikataa nyingine yoyote, hivyo wapigaji sarafu wakaendelea kumpiga malkia aliyekufa. Kwa hiyo tarehe yake haikuambii umri. Kinachokuambia ukweli ni gramu 28.07, fedha sehemu 833 katika 1,000, yaani gramu 23.39 za fedha safi. Zote tatu zilipita. Kaka alikuwa ameshazisugua kwa ndimu na majivu, zinang'aa kama sufuria ya harusi. Nilisikitika. Mnunuzi wa sarafu za kale hupunguza bei akiona zimesuguliwa, kwa sababu ngozi ile ya weusi ndiyo ushahidi wa miaka.

Rupia ni hadithi nyingine. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kupiga sarafu zake mwaka 1890, haikuthubutu kubuni uzito wake. Pwani yote ilishazoea rupia ya Kihindi, kwa hiyo Mjerumani akaiga uzito na ubora uleule: gramu 11.66, fedha 917 katika 1,000. Akabadilisha sura tu, akamweka Kaizari wao, Wilhelm wa Pili, na kofia ya chuma yenye tai juu, na upande wa pili simba chini ya mtende. Rupia moja ilikuwa pesa 64 za shaba. Mwaka 1904 serikali yao ikaondoa pesa 64 ikaleta heller 100 kwa rupia, na neno hilo halijatutoka mdomoni mpaka leo: hela. Mjerumani ameondoka na reli yake imechakaa, lakini kila mtu Tanga anatafuta hela.

Rupia kumi zilisoma gramu 11.4 hadi 11.6, zimepungua kidogo kwa kushikwa, na msongamano wake ulizunguka 10.3. Ya kumi na moja ilisoma 9.2. Nikaizamisha, maji yakatoa 1.17. Gawanya: 7.9. Nikasogeza sumaku, ikaruka ikanata.

Chumba kikanyamaza. Nitairudia hiyo.

Shilingi za simba wengi wetu tuliona kwa babu zetu: simba amesimama, milima nyuma. Zilianza mwaka 1921, baada ya Mwingereza kuachana na rupia na kuijaribu florini kwa muda mfupi mno. Kwa macho ni nyeupe kama rupia, na hapo ndipo akina dada wangeliwa. Uzito wake ni gramu 7.78, lakini fedha ni 250 tu katika 1,000. Robo. Robo tatu ni metali duni. Shilingi moja ina gramu 1.94 za fedha safi. Rupia moja ina 10.69. Yaani rupia moja ni shilingi tano na nusu, na riale moja ni shilingi kumi na mbili.

Ndogondogo 21 hazikunichukua muda: hela za shaba, senti kumi za Mwingereza zenye meno ya ndovu kuzunguka tundu, ndururu kadhaa. Hazina fedha hata chembe. Ndiyo maana hata kupima mifuko kwa kilo, kama alivyotaka dada mdogo, kusingetoa haki. Senti kumi moja ya shaba ni nzito kuliko shilingi ya simba na thamani ya metali yake haifiki popote.

Kopo linaishia 1946

Nilipozipanga shilingi kwa mwaka niliona jambo ambalo mimi binafsi lilinifurahisha kuliko mgawo wenyewe. Ya mwanzo ni ya 1921. Ya mwisho ni ya 1946. Baada ya hapo, hakuna.

Niliuliza bibi alifariki lini. Dada mkubwa akasema alifariki mwaka wa pili baada ya Uhuru, na alikuwa anauza vitumbua mpaka miguu ilipokataa. Basi alishika shilingi kwa miaka kumi na mitano zaidi na hakuweka hata moja.

Mwaka 1947 Uingereza iliondoa fedha yote katika sarafu zake za matumizi. Ilikuwa na deni kwa Marekani la metali yenyewe, fedha iliyokopwa wakati wa vita ambayo ilipaswa kurudishwa kwa uzito, na njia rahisi ya kuipata ilikuwa kuvuta sarafu kutoka mifukoni mwa watu na kuwapa shaba iliyochanganywa na nikeli. Mwaka 1948 shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata. Simba yuleyule, milima ileile, ukubwa uleule, weupe unaokaribiana. Tofauti ya maandishi ni ndogo: India ilikuwa imeshajitawala, kwa hiyo yale maneno ya Kilatini ya kumwita mfalme mtawala wa India yakaondolewa. Bibi hakusoma Kilatini.

"Alikuwa akizipiga," dada mkubwa akasema. "Mama alitusimulia. Kila shilingi anaipiga kwenye jiwe la kusagia, anasikiliza, halafu anaitupa huku au kule. Tulidhani ni mazoea ya uzee."

Fedha, hata robo, ina mlio wake. Na robo fedha ikichakaa hubadilika rangi, huanza kuonyesha wekundu wa shaba kwenye shavu la mfalme; ya nikeli inabaki na weupe wake mkavu. Bibi huyo wa vitumbua alitofautisha kwa sikio na jicho kile ambacho benki zilitaka kionekane kimoja. Mpya alizitumia, kongwe alizichimbia. Wachumi wana jina refu la tabia hii, kwamba sarafu mbaya huifukuza nzuri sokoni. Nzuri ilifukuzwa mpaka ndani ya ukuta wa Ngamiani.

Nikatoa mfukoni sarafu zangu mwenyewe. Mia tano, ambayo Benki Kuu ilianza kuitoa mwaka 2014: ikanata kwenye sumaku, kwani ni chuma kilichopakwa nikeli. Hamsini ya kifaru: ikanata nayo, chuma kilichopakwa shaba njano. Hakuna ubaya wowote. Siku hizi tunaiamini Benki, hatuiamini metali, na sarafu ikigharimu zaidi ya thamani yake masonara wangeimaliza. Lakini nilitaka kaka aone. Ile rupia ya kumi na moja ilikuwa ndugu ya mia tano.

Rupia iliyolala nje siku mbili

Kaka alijua. Nilimwona usoni kabla hajasema.

Kopo lilikaa kwake wiki mbili kabla ya mgawo. Kuna dalali alimfuata, mmoja wa wale wanaozunguka wakitafuta mali za Mjerumani, akamwambia rupia halisi huvuta mchele: ukiiweka karibu na punje, punje husogea. Ikivuta, ni mamilioni. Akaomba moja akaijaribu kwa "mtaalamu". Ilikaa siku mbili. Ikarudi, akaambiwa haijavuta, lakini asiuze kwa mwingine, wataendelea kutafuta mteja. Hii ndiyo sababu kaka alitaka rupia zote kwenye fungu lake.

Tuseme la mchele kwanza lipite. Fedha haivuti kitu. Haina usumaku wa kuonekana kwa macho, na mchele nao hauna. Ukiona punje inasogea, angalia pumzi ya mtu, au uzi, au chaji ya kusugua kitambaa. Hakuna rupia ya kampuni wala ya serikali iliyopigwa kwa metali ya siri; mapishi yake niliyataja hapo juu, fedha na shaba basi.

Lililo zito ni kwamba iliyotoka haikuwa iliyorudi. Siwezi kuthibitisha kwa mahakama. Lakini nakala za chuma za rupia hizi zinauzwa, zimepigwa kwa mashine, na bibi aliyetofautisha robo fedha na nikeli kwa kusikiliza jiwe la kusagia asingeweka chuma kwenye kopo lake. Tena nakala ile ilikuwa safi mno kwenye mitaro ya herufi, hakuna uchafu wa miaka, wakati wenzake kumi wamejaa weusi kwenye kila pembe ya jina la kampuni.

Mgawo wa pili

Tukaandika kwenye karatasi ya daftari. Fedha safi: riale 3 ni gramu 70.2. Rupia 10 ni 106.9. Shilingi 37 ni 71.9. Jumla 249.

Kwa mgawo wa kaka yeye angechukua gramu 177, na dada zake wangegawana karibu 72, kasoro ile ya msikiti. Haki yake ni nusu: 124.5. Haki ya kila dada ni 62.25. Kila dada angepoteza gramu 27 bila kuibiwa sarafu hata moja.

Nilijaribu mipangilio kadhaa, na mmoja ukakaa vizuri hata mimi nikashangaa. Kaka: riale 1, rupia 6, shilingi 19. Kila dada: riale 1, rupia 2, shilingi 9. Fanya hesabu: kaka 124.47, kila dada 62.27. Na kila mtu anabaki na riale moja ya mahari ya bibi, jambo ambalo dada mkubwa alilijali kuliko gramu zote. Ndogondogo tukazigawa kwa idadi, 10, 5 na 5, ile moja iliyobaki akapewa mjukuu aliyekuwa amelala mapajani kwa mama yake.

Hapa nilitaka kufunga daftari. Dada mdogo akauliza: "Na ile ya kumi na moja? Ilikuwa ya mama. Hasara yake ni ya nani?"

Swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Kopo lilikuwa mikononi mwa kaka kabla ya mgawo, ni amana, naye aliitoa nje bila kuwauliza wenzake. Yeye mwenyewe akasema, bila kusukumwa, ihesabiwe kwenye fungu lake. Basi jumla inapanda hadi 259.7, haki ya kila dada inakuwa 64.9, na kila mmoja anadai gramu 2.65. Shilingi moja ni 1.94. Shilingi moja kila mmoja inawaacha na upungufu wa 0.7, mbili zingezidi kwa 1.2. Wakakubaliana moja.

Kulikuwa na jambo la mwisho, ile ya ajabu ya shaba njano. Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo isiyogawanyika. Ni hela 20 ya mwaka 1916, ina herufi T. Meli za Mwingereza zilikuwa zimeziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, na Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Walitumia shaba na shaba njano waliyoipata, maganda ya risasi yakiwemo, na wakapiga pia rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye tembo. Kwa metali, hela 20 hiyo haina thamani ya kuzungumzia. Kwa wakusanyaji wa sarafu ina bei, na bei hiyo haimo kwenye mizani yangu. Hata rupia zile nazo, mwaka mmoja unaweza kutafutwa kuliko mwingine. Gramu ni sakafu ya thamani, paa silijui mpaka mnunuzi aje. Niliwashauri wakiiuza wagawane bei kwa mafungu manne, na wasiisugue kwa ndimu.

Kaka akasogeza shilingi mbili juu ya mkeka, moja kwa kila dada. Dada mdogo akaichukua ya kwake, akaigonga kwenye ukingo wa glasi yangu, akasikiliza, ndipo akaifunga kwenye pindo la khanga. Ya Tabora imerudi koponi, na kopo liko kwa dada mkubwa. Ile ya chuma kaka ameitundika mlangoni kwake kwa msumari, bila sumaku.